Mdogo wangu amenuna kwa sababu nimemtafutia mwanangu mlezi mwingine Uingereza

Dada, habari za kazi. Nakusoma siku zote, leo nimeamua kuandika maana nyumbani hatuelewani.

Mimi nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na mume wangu ni fundi wa injini za boti. Tuna watoto watatu. Wa katikati, sasa ana miaka 13, alipomaliza darasa la saba alipata ufadhili wa shule moja ya bweni huko Uingereza. Shule inabeba sehemu kubwa ya ada. Sisi tunabeba tiketi, nguo na mambo ya mlezi. Kwenye fomu walitaka jina la mtu mzima anayeishi hukohuko, na hatukuumiza kichwa. Nina mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anaishi Leicester, anafanya kazi ya kutunza wazee. Tumekulia nyumba moja Magu, tumelala kitanda kimoja. Akasaini, tukamshukuru Mungu.

Oktoba shule ilifunga likizo fupi ya wiki mbili. Mdogo wangu alimfuata mtoto kwa treni, akaenda naye kwake. Kumbe amepanga chumba kimoja kwenye nyumba yenye wapangaji wengine, na kazini yuko zamu ya usiku. Jioni anatoka, asubuhi anarudi amechoka, analala. Mtoto alikuwa analala peke yake usiku, na mchana anaambiwa asipige kelele. Hayo mimi sikuyajua. Picha nilizotumiwa ni za Jumapili moja walipokwenda mjini kula kuku.

Februari aliugua bwenini, homa na kutapika. Muuguzi wa shule akampigia mlezi, simu haipatikani, maana akiwa zamu haruhusiwi kushika simu. Wakanipigia mimi. Huku ilikuwa saa nane usiku. Nilishika neno "hospitali" tu, mengine yote yakanipita, nikaanza kulia. Mume wangu alipochukua simu ikakatika. Mpaka kulipokucha ndipo mwalimu wake wa zamani wa hapa Mwanza akatusaidia kupiga, tukaambiwa ameshapata nafuu na yuko darasani.

Mei shule imetuandikia kwamba kuanzia Septemba wanataka mlezi anayepatikana saa 24 na anayeweza kufika shuleni siku hiyohiyo akiitwa. Nimetafuta nikapata kampuni ya ulezi. Nikamwandikia mdogo wangu WhatsApp kumjulisha. Alijibu, "Kumbe damu yako haina thamani, bora umlipe Mzungu." Akatoka kwenye grupu la ukoo. Amemlalamikia baba mdogo kwamba nimemdharau, na kwamba hata koti la baridi analovaa mtoto amelinunua yeye kwa hela yake. Na ni kweli alinunua.

Mume wangu anasema mtu wa bure yupo, mimi natafuta wa kulipa. Kipato chetu unakijua, dagaa wanavuliwa kipindi cha giza, mbalamwezi ikitoka boti zinapaki na mimi nakaa. Mama mkwe yuko Nansio, yeye anauliza kwani mtoto ni yatima mpaka atafutiwe mlezi? Anaamini tunasaini karatasi za kumtoa.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni hiki. Mwezi uliopita mtoto alinipigia akasema, "Mama, usimwambie mamdogo, ila mimi likizo sitaki tena kwenda kwake." Nikamuuliza kuna nini, akanyamaza, kisha akasema yuko sawa. Anarudi nyumbani Julai. Nifanyeje, dada?

Mama Baraka (si jina lake halisi), Kitangiri, Mwanza

JIBU

Mama Baraka, pole. Umeweka maneno ya mtoto mwishoni, baada ya mume, mama mkwe, baba mdogo na koti. Mimi naanza nayo, kwa sababu ndiyo yanayoamua yote yaliyobaki.

Mtoto wa miaka 13 amesema hataki kurudi kwenye nyumba fulani, na ameomba mhusika asiambiwe. Huenda ni upweke tu. Chumba kimoja, usiku peke yake kwenye nchi ya watu, mchana kutembea kwa ncha za vidole ili mkubwa alale. Hata mimi nisingetaka kurudi. Lakini umeandika pia kwamba nyumba ile ina wapangaji wengine, na usiku mamdogo hayupo. Simtuhumu mtu. Nasema hujui, na lazima ujue.

Akifika Julai usimwitie kikao. Watoto wetu tukiwaweka sebuleni mbele ya baba, mama na bibi, jibu ni moja tu: niko sawa. Mchukue mwende naye Mwaloni asubuhi, au mpe kazi ya kuchambua dagaa pembeni yako, mikono ikiwa na shughuli na macho hayatazamani. Muulize vitu vidogo vinavyojibika. Usiku ulikuwa unakula nini? Mlango ulikuwa unafungwa kwa ndani? Nani mwingine alikuwa anatumia jiko? Mlikuwa mnaongea naye? Acha anyamaze akitaka kunyamaza, usimmalizie sentensi. Akikwambia jambo la kupigwa, kutishwa au kushikwa, usimpigie mdogo wako wala usipande treni ya hasira kwenye grupu. Andikia shule siku hiyohiyo. Kila shule ya kule ina mtu aliyepewa kazi ya ulinzi wa watoto, na atajua pa kuanzia. Hapa nyumbani piga 116, ni bure, ni huduma ya simu kwa mtoto, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako atakusikiliza. Akikwambia ni upweke tu, mshukuru kwa kukwambia, mwambie hatarudi kulala pale, na umfichie siri yake kama alivyoomba.

Kwa maana hiyo swali la nani awe mlezi wa karatasi limeshajibika. Kilichobaki ni namna ya kulifanya bila kuvunja undugu, na hapo ndipo nataka ukae.

Mdogo wako anadhani umemvua cheo. Hajui kwamba cheo hicho kinaweza kumponza. Mlezi wa mwanafunzi wa kigeni kule ni mtu wa kazi maalumu. Bweni likifungwa katikati ya muhula, yaani Oktoba, Februari na Mei, ndiye anayejua mtoto analala wapi. Kuna shule zina wikiendi ambazo bweni zima linafungwa na kila mtoto lazima aondoke. Mtoto akisimamishwa masomo, au ugonjwa wa kuambukiza ukiingia bwenini, shule inaweza kusema aondoke leo. Ndege ikiahirishwa, mtu awepo uwanjani. Mzazi wa Mwanza hawezi kuhudhuria kikao cha wazazi cha Alhamisi jioni, mlezi anahudhuria. Mtu wa zamu ya usiku ambaye simu yake iko kwenye kabati la kazini hawezi kazi hii hata akiwa na moyo wa dhahabu. Naamini anao. Mtu hanunui koti la baridi la Uingereza kwa mshahara wa kutunza wazee kama hampendi mtoto.

Sasa la hatari. Sheria ya Uingereza haitaji umri kamili wa kumwacha mtoto peke yake nyumbani, ila ni kosa kumwacha katika hali inayomweka hatarini, na shirika la kulinda watoto la kule, NSPCC, linashauri kwamba aliye chini ya miaka 16 asiachwe peke yake usiku kucha. Mwanao ana 13. Jirani mmoja tu angepiga simu Oktoba ile, maofisa wa halmashauri wangegonga mlango. Na mdogo wako anafanya kazi ya kuhudumia watu dhaifu, kazi ambayo huajiriwi mpaka rekodi yako ya makosa ikaguliwe. Kule wanaita ukaguzi wa DBS. Malalamiko kwamba ameacha mtoto peke yake usiku yangeweza kumgharimu ajira. Mumeo anayesema "mtu wa bure yupo" aambiwe hili kwanza, kabla ya habari ya hela.

Kuna jingine ambalo ukoo hautalipenda. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni mdogo wako, basi, hakuna anayehesabu. Sheria ya Watoto ya Uingereza ya 1989 inahesabu. Ndugu wa karibu kwake ni babu na bibi, kaka na dada, shangazi na mjomba aliyezaliwa tumbo moja au baba mmoja na mzazi, au aliyeoa ama kuolewa na mtu kama huyo, na mzazi wa kambo. Binamu wa mama hayumo. Mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa kwa mtu asiye ndugu wa karibu kwa siku 28 au zaidi, halmashauri ya eneo lazima ijulishwe, na kwa jambo lililopangwa mapema taarifa inatakiwa wiki sita kabla. Likizo ya wiki mbili haifiki huko. Lakini kama mliwahi kuwaza kwamba mwaka ambao tiketi ikishindikana atakaa Leicester Julai yote na Agosti, hilo lisifanyike kimyakimya.

Hayo yote utamwambiaje bila moto kuwaka? Kosa halikuwa kutafuta kampuni, lilikuwa kumjulisha kwa ujumbe wa WhatsApp. Habari nzito namna ile, mtu katoka zamu, hajalala, anasoma kwenye basi kwamba kazi aliyopewa na dada yake imepewa mtu mwingine. Mimi pia ningetoka kwenye grupu.

Nenda Magu kwa baba mdogo. Usipige simu, nenda, na usiende mikono mitupu. Mume wako awepo, maana akibaki nyumbani ataonekana hakubali, na kweli hakubali bado. Mweleze mzee kwamba shule imebadilisha masharti, mwonyeshe barua, mpe maelezo ya kazi ya binti yake na ile hatari niliyoiandika hapo juu. Usitaje kabisa alichosema mtoto. Mzee akielewa, mwombe yeye ndiye ampigie binti yake akiwa wewe umekaa hapo, siku ambayo binti hayuko kazini. Kisha uongee wewe. Anza na shukrani, na koti ulitaje kwa jina lake: lile koti limemvusha mwanangu baridi. Halafu sema unachokitaka kwake, kwa sababu kuna unachokitaka kweli. Awe mama mdogo. Jina lake liandikwe shuleni kama ndugu anayeruhusiwa kumtembelea na kumtoa Jumapili akiwa na nafasi, wakale kuku wao, waongee Kisukuma chao na Kiswahili, jioni amrudishe. Shule ijulishwe kwa maandishi, na mlezi mpya pia. Mtoto atahitaji mtu wa kumtania kwa lugha ya nyumbani, na hilo hakuna kampuni inayoliuza.

Na tafadhali usimrudishie hela ya koti. Najua wazo hilo limeshakupitia. Ukimrudishia, utakuwa umemlipa kama kibarua, na hapo ndipo neno lake la "damu haina thamani" litapata mguu wa kusimamia. Mtoto akirudi Septemba abebe kitenge kizuri cha mamdogo, kinatosha.

Kampuni. Usichukue ya kwanza kwa sababu tovuti yake ina picha za watoto wanacheka. Kule kuna chama kinaitwa AEGIS, kilianzishwa 1994, kazi yake ni kukagua mashirika ya ulezi wa wanafunzi wa kigeni na kuyapa ithibati. Waliopitishwa wameorodheshwa kwenye tovuti yao, unatafuta kwa eneo. Iulize shule pia inafanya kazi na nani vizuri, maana viwango vya shule za bweni vya England vya 2022 vinaitaka shule ijiridhishe kwamba mpango wa ulezi unamfaa mtoto. Si jambo lako peke yako.

Ukishapata mawili matatu, waulize kwa maandishi. Simu ya usiku inapokelewa na mtu au na mashine? Familia itakayompokea wakati wa likizo imekaguliwa rekodi, pamoja na kila mtu mzima anayeishi mle ndani? Mtoto atalala chumba chake? Atarudi familia ileile kila likizo au atazungushwa? Hili la mwisho mimi nalipa uzito kuliko mengine, mtoto asiyezoea nyumba hawezi kupumzika ndani yake. Uliza kama ataweza kubadilishiwa familia asipopendezwa, na ni nani atakayemuuliza, maana akiulizwa mbele ya wenyeji wake atasema yuko sawa, kama kawaida yake.

Bei usikubali kupewa tarakimu moja. Huwa kuna ada ya mwaka au ya muhula, kuna amana mnayorudishiwa mkimaliza, kuna malazi yanayohesabiwa kwa kila usiku, na kuna usafiri, ambao ndio unaoumiza: teksi ya shule hadi Heathrow inaweza kuwavunja mgongo. Shule nyingi hupanga basi la pamoja la uwanja wa ndege muhula unapofunguliwa na kufungwa, hakikisheni tiketi inalingana na siku ya basi, si siku ndege ilipokuwa rahisi. Kalenda ya shule hutoka mapema sana. Ichukue, iweke kando ya kalenda yako ya mwezi, fungu la Oktoba ulitenge tangu giza la Agosti. Krismasi piga hesabu ya wiki tatu za malazi dhidi ya tiketi ya kuja Mwanza. Tofauti inaweza isiwe kubwa kama mnavyodhani. Baba Baraka alipende hilo la hesabu, ni la kwake.

Mama mkwe mtulize kwa ufupi. Karatasi ya mlezi wa shule haihamishi mtoto. Uzazi unabaki kwenu, maamuzi makubwa ya matibabu na masomo yanabaki kwenu, na mnaweza kubadilisha mlezi mkitaka. Mpigieni simu ya video mtoto akiwa na wenyeji wake, bibi awaone, awaulize wanakula nini. Atapoa, au atapata la kusimulia Nansio nzima.

Lile la saa nane usiku lisijirudie. Shule ipewe namba tatu za huku: yako, ya mumeo, na ya mtu anayezungumza Kiingereza bila kutetemeka, kama yule mwalimu, akikubali. Andikeni pembeni kwamba mama anahitaji mkalimani; wana huduma hiyo au watatafuta, si aibu. Hospitali yenyewe usiihofie, ile ada ya afya mliyolipa pamoja na viza, pauni 776 kwa kila mwaka, ndiyo inayomfungulia mlango wa matibabu ya serikali.

Na simu zako za kumsalimia. Nina hakika unapiga ukishafunga biashara na kula, saa tatu usiku. Wakati wa baridi kule ni saa kumi na mbili jioni, yuko kwenye chakula au anajiandaa kwa masomo ya jioni, wenzake wamemzunguka. Hapo ndipo zinapotoka zile "niko sawa" zako. Chagueni Jumapili saa kumi na mbili jioni ya Mwanza, kwake ni saa tisa mchana, na kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba ni saa kumi, kwa sababu wao husogeza saa. Aende nje uwanjani aongee. Kabla hajaondoka Septemba awe pia na namba zake mwenyewe kwenye karatasi, si kwenye simu tu: ya mlezi, ya mamdogo, ya mtu wa nje ya shule ambaye mabweni ya kule huteua ili wanafunzi wamfikie, na ya Childline ya Uingereza, 0800 1111, haina gharama.

Mkirudi kutoka Magu niandikie baba mdogo alisemaje. Na kampuni ikikutumia mkataba usisaini usiku huohuo. Nitumie kile kipande cha malipo na kile cha kuvunja mkataba, ufute majina, tukisome pamoja.